Mlio Wenye Saa Yake: Kanuni za Kupiga Fataki Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Swali la lini mkazi aruhusiwe kupiga fataki huonekana dogo likiwekwa kando ya maswali ya ardhi, maji na bei ya kahawa, ambayo ndiyo hujaza mikutano ya vijiji vya Mbinga na vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Hata hivyo, ndani yake mna jambo zito linalohusu namna jamii inavyosikilizana usiku, kwa sababu mlio wa baruti, popote unaposikika, ni habari inayotangazwa kwa watu wote kwa wakati mmoja, wawe wameitaka au hawakuitaka. Mazungumzo haya yanashika msimamo kwamba kanuni ya muda wa kupiga fataki, kabla ya kulinda paa la mtu au usingizi wake, hulinda maana ya mlio wenyewe, ili siku ambayo baruti italia nje ya saa yake, kila anayesikia ajue pasipo shaka kwamba kuna hatari na kwamba anahitajika kuamka.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kwa maana yake ya zamani, fataki ni kile kifuniko kidogo chenye kemikali ambacho nyundo ya bunduki ya aina ya gobore hukigonga ili kuwasha baruti, na baadaye neno hilo likapanuka na kubeba pia vifaa vya kulipuliwa kwa ajili ya sherehe, vile ambavyo watu wa Zanzibar huviita fashfashi. Wasikilizaji wa redio wa Tanzania wanalijua neno hili pia kwa maana ya tatu, kwa kuwa mwishoni mwa muongo wa 2000 kampeni moja ya redio ilimpa jina la Fataki mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Jina hilo lilishika upesi kwa sababu kila mtu alielewa tabia ya kitu kinachong'aa kwa nje na kuunguza kikiguswa.

Fataki ya kurushwa angani imeundwa kwa bomba la karatasi ngumu lililofungwa kwenye kijiti kirefu, utambi mfupi upande wa chini, na baruti nyeusi ndani yake, yaani mchanganyiko ambao kwa kipimo chake cha kawaida una sehemu 75 za shura, ambayo ni chumvi inayotoa oksijeni ya kuwashia, sehemu 15 za makaa na sehemu 10 za salfa. Utambi ukiifikia baruti, gesi ya moto hutoka kwa chini na kulisukuma bomba juu, na likifika kimo chake mzigo wa pili hupasuka na kutawanya punje zilizochanganywa na madini yanayotoa rangi, strontiamu ikitoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu na sodiamu manjano. Kinachosahauliwa ni kile kinachofuata vigelegele: kijiti na kipande cha bomba, ambacho huenda bado kina kaa jekundu ndani yake, hurudi ardhini, na mahali kitakapoangukia huamuliwa na upepo, wala si na yule aliyekiwasha.

Kisheria, jambo hili limegawanywa katika ngazi mbili zinazotegemeana. Ngazi ya juu ni ya sheria za nchi, ambamo Sheria ya Baruti ya 1963 inaweka chini ya leseni na vibali utengenezaji, uingizaji, uhifadhi, usafirishaji na utumiaji wa vitu vya milipuko, na Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inamtia hatiani mtu anayetumia moto au kitu kinachowaka kwa uzembe unaohatarisha maisha ya wengine. Kelele nazo zina kanuni zake za 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kila mwaka unapokaribia kwisha, Jeshi la Polisi hutoa tahadhari zinazowakataza wananchi kupiga fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani, na kwa mkazi wa kawaida tahadhari hizo ndizo uso wa sheria anaoufahamu.

Ngazi ya chini, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya, ni ya sheria ndogo, yaani kanuni zinazotungwa na serikali za mitaa kwa mamlaka ziliyopewa na Bunge na zinazotumika ndani ya mipaka ya eneo husika tu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa kuandaa rasimu, kuipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kisha kuiwasilisha katika halmashauri ya wilaya ili ithibitishwe. Sheria ndogo haiwezi kuruhusu kile ambacho sheria ya nchi imekikataza, na kwa hiyo kijiji hakiwezi kumpa mtu uhuru wa kupiga fataki bila kibali cha mamlaka, lakini kinaweza kuongeza masharti ya saa, msimu na mahali ambayo ofisi iliyo mbali haiwezi kuyajua. Ofisa aliyeko Dar es Salaam au Dodoma hajui ni mwezi gani nyasi za mlima fulani hukauka, wala usiku gani mitumbwi hutoka ziwani.

Ili kuelewa kwa nini mlio una uzito wa pekee katika mwambao huu, inafaa kurejea Liuli, ambayo wakati wa utawala wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, iliingia katika bandari hiyo na kuipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake Berndt, ambaye alifahamiana vizuri na Rhoades na ambaye bado hakuwa amepata habari kwamba mataifa yao yalikuwa vitani, alitoka kwa mashua ndogo kwenda kuuliza maana ya mlio ule, na jibu alilolipata lilikuwa kufanywa mateka. Berndt aliusikia mlio, lakini hakuujua ujumbe wake, na pengo hilo kati ya kusikia na kuelewa ndilo ambalo kanuni ya muda inakusudia kuliziba.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe iliyopulizwa ili kuwaita watu au kuwapa tangazo, na nguvu ya methali hiyo imo katika sharti ambalo halitajwi, kwamba mbiu haikupulizwa ovyo. Kijiji ambacho kila mtu angejipulizia pembe kwa saa aitakayo kingekuwa kijiji kisicho na mbiu, hata kama pembe zingejaa kila nyumba. Kengele ya kanisa, adhana ya msikiti na ngoma ya msiba zinafuata sharti hilohilo, kwa kuwa kila moja ina wakati wake na mpigaji wake, na mtu akisikia kengele ikilia saa isiyo yake hutoka nje akiuliza kumetokea nini.

Katika Ziwa Nyasa sharti hili ni suala la uhai. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinazitaja ishara za dhiki, yaani alama zinazokubalika duniani kote kwamba chombo kinaomba msaada, na miongoni mwake ni roketi zinazotawanya nyota nyekundu zikirushwa mojamoja kwa vipindi vifupi, na mlio wa bunduki au wa kilipuzi kingine unaorudiwa kila baada ya takriban dakika moja. Fataki nyekundu ya harusi inayorushwa kutoka ufukweni mwa Mbamba Bay na roketi ya meli inayozama hufanana kabisa machoni mwa mtu aliye umbali wa kilomita kadhaa gizani, na kitu pekee kinachoweza kuzitenganisha ni makubaliano ya watu kuhusu wakati na rangi.

Madhara ya kutoelewana juu ya ishara yalionekana usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, wakati meli ya Titanic ilipokuwa ikizama katika Bahari ya Atlantiki na kurusha roketi nyeupe, moja baada ya nyingine. Maofisa wa meli ya Californian, iliyokuwa imesimama mbali kidogo, waliziona roketi hizo kwa macho yao wakashindwa kukata shauri juu ya maana yake, na opereta wao wa redio hakuamshwa mpaka alfajiri, wakati ambapo watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamekwisha kufa.

Wavuvi wa usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaofanana na dagaa, hufanya kazi yao hasa katika usiku wa giza ambao mbalamwezi haipo, kwa sababu taa zinazowashwa juu ya mitumbwi huwavuta samaki vizuri zaidi mwezi usiposhindana nazo. Mtu anayesimama juu ya kilima nyuma ya ziwa katika usiku wa namna hiyo huona mstari wa taa juu ya maji kana kwamba mji mwingine umejengwa huko, na kila taa ina wanaume kadhaa wenye wavu, ambao tegemeo lao dhoruba ikianza ghafla ni kuonwa na kusikiwa na watu wa nchi kavu. Anayepiga fataki ufukweni usiku huohuo bila taarifa huwavuruga wale wanaopaswa kuwa macho kwa ajili ya walio majini. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kabisa uvuvi wa baruti, ambao huua samaki wakubwa na vifaranga kwa pamoja, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vinavyojulikana kwa jina la BMU hutegemea masikio ya wanavijiji ili kuwabaini wahalifu. Milipuko ya starehe ikizoeleka kila saa, mlipuko wa mhalifu hupata mahali pa kujificha.

Mtu akipanda kutoka Mbamba Bay kwa barabara ya lami ya kilomita 66 hadi Mbinga mjini, huyaacha maji nyuma na kukutana na hatari ya aina nyingine, ambayo hupimwa kwa miezi zaidi kuliko kwa saa. Mvua za nyanda za juu za Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maana yake ni kwamba mkesha wa Mwaka Mpya, ambao ndio unaotajwa zaidi katika makatazo ya fataki, huangukia wakati majani ni mabichi na udongo umelowa. Sherehe nyingi za kifamilia, kama vile harusi, kipaimara na komunio ya kwanza, hufanyika katika kiangazi, baada ya kahawa kuvunwa na fedha yake kuanza kuingia mifukoni, na huo ndio wakati ambapo nyasi za milimani na mapaa yaliyoezekwa kwa nyasi huwa makavu kama karatasi. Kanuni inayoutazama mkesha wa Desemba peke yake, ikausahau Agosti na Septemba, ingekuwa imeazimwa kutoka nchi nyingine, kwa sababu imeilinda Mbinga wakati imelowa na kuiacha wazi wakati inaweza kuwaka.

Wamatengo wenyewe wana elimu ya muda mrefu juu ya thamani ya nyasi zisizoungua. Katika kilimo cha ngoro, ambacho ni mfumo wao wa kulima kwenye miteremko mikali, mkulima hufyeka nyasi mwishoni mwa mvua, huzilaza kwa mistari inayokatana hadi zifanye miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi hizo, ili palipochimbwa pabaki shimo la kukamata maji na palipofunikwa pawe tuta lenye mbolea inayooza taratibu. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mahindi hufuata mvua za mwaka mwingine zinapoanza. Katika mfumo huu nyasi ni akiba ya shamba, na moto unaopita juu ya kilima katika Septemba huiteketeza mbolea ya msimu ujao kabla haijafukiwa. Sheria ya Misitu ya 2002 inazuia kuchoma uoto bila ruhusa, na itakuwa ajabu ikiwa mkulima anayetaka kusafisha kipande cha shamba atawajibika kuomba ruhusa, na papo hapo mgeni wa harusi akaachwa arushe moto usio na mwelekeo juu ya kilima kilekile.

Mwili wa binadamu nao una mipaka yake. Sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho ndani yake ongezeko la 10 humaanisha nishati ya sauti imezidishwa mara 10, na Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mlio wa ghafla usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Fataki iliyopasuka karibu inaweza kuufikia ule mpaka wa juu. Mama aliyejifungua jana, mzee mwenye shinikizo la damu na mgonjwa aliyelazwa katika hospitali kama ya Litembo au ya Liuli hawawezi kuuhama mlio huo, na mifugo haiwezi kuelezwa kwamba ni sherehe. Saa inayojulikana mapema huwapa wauguzi, wazazi na wafugaji nafasi ya kujiandaa, na hiyo ni huruma isiyogharimu chochote.

Nchi nyingine zimekwisha kuipitia njia hii. Nchini Uingereza, kanuni za 2004 zinakataza fataki kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa katika usiku wa 5 Novemba, ambapo mwisho husogezwa hadi saa 6, na katika Diwali na Mwaka Mpya, ule wa kawaida na ule wa Kichina, ambapo husogezwa hadi saa 7 usiku. Mahakama ya Juu ya India, katika uamuzi wake wa tarehe 23 Oktoba 2018, iliruhusu fataki za Diwali kati ya saa 2 na saa 4 usiku, na za Krismasi na Mwaka Mpya kati ya saa 5:55 na saa 6:30 usiku. Hapa nyumbani, fashfashi za Zanzibar za usiku wa kuamkia 12 Januari, siku ya kumbukumbu ya Mapinduzi, hazimshtui mtu kwa kuwa kila mmoja anaijua siku na saa yake. Nchini Uganda polisi huidhinisha maeneo mahususi ya kurushia fataki, lakini somo la kuhuzunisha la usiku wa kuingia 2023, wakati watu wasiopungua 9, wengi wao wakiwa vijana na watoto, walipokufa kwa kukanyagana katika jengo la Freedom City jijini Kampala walipokuwa wakikimbilia kutazama fataki, linaonyesha kwamba saa pekee haitoshi, bali mahali na njia za kutokea nazo lazima zipangwe.

Kutokana na hayo yote, sheria ndogo inayofaa maeneo haya inaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Ingeruhusu fataki za mkesha wa Mwaka Mpya kwa robo saa tu, kuanzia saa 6 kamili usiku, na zile za sherehe nyingine kabla ya saa 3 usiku, kwa mtu mwenye kibali cha mamlaka aliyemwarifu mtendaji wa kijiji siku kadhaa kabla, ili mtendaji naye awaarifu BMU, zahanati na wenyeviti wa vitongoji. Katika vijiji vya milimani ingesimamisha kabisa urushaji wa fataki tangu nyasi zinapoanza kukauka hadi mvua za kwanza zinyeshe. Katika vijiji vya mwambao ingekataza rangi nyekundu kwa saa zote na siku zote, ili rangi hiyo ibaki mali ya mtu anayezama. Ingetaja uwanja mmoja wa wazi ulio mbali na mapaa ya nyasi na maghala, mtu mzima mmoja anayewajibika kuwasha, na ndoo za maji na mchanga zinazokuwapo kabla kiberiti hakijatolewa mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yanaikaba furaha ya wananchi ambao siku zao za kufurahi si nyingi, na hoja hiyo inastahili heshima kwa sababu sherehe ni sehemu ya uhai wa jamii. Mwambao huu, hata hivyo, haujawahi kuitegemea baruti ili ufurahi. Unayo mganda, ngoma inayochezwa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, kwa mapigo ya ngoma kubwa na milio ya vibuyu vya kupuliza, na unayo kioda ya akina mama, ambazo hukusanya watu wa vijiji kadhaa hadi jua litue bila kuacha kaa la moto juu ya paa la mtu. Anayetaka kuongeza mwanga wa fataki juu ya furaha hiyo anaweza kusubiri saa iliyowekwa, na kusubiri huko hakumpunguzii kitu.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kwa hiyo kila kijiji, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na kuanzia Litembo hadi Mbinga, kina nafasi ya kuliweka jambo hili katika ajenda kabla kiangazi hakijafika. Wazee wanaojua miezi ya upepo, wavuvi wanaojua usiku wa giza na wauguzi wanaojua wodi zao wasikilizwe kwanza, kisha saa iandikwe, isomwe hadharani na kubandikwa katika mbao za matangazo. Baada ya hapo, mlio wowote utakaosikika ziwani nje ya saa hiyo usidhaniwe kuwa ni mchezo: watu watoke, wawashe taa, na waisukume mitumbwi majini.